Ukaazi wa ulezi kwa wapigaji chipukizi wa ala za nyuzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapiga fidla, viola, chelo na kontrabasi walio mwanzoni mwa kazi, hasa wa Kenya na Tanzania, wanaofikiria kwenda kukaa na wakongwe kwa wiki, miezi au miaka ili waingie kazini wakiwa wameiva. Maswali ni yale yale yanayorudi kila msimu wa maombi unapokaribia. Jambo likishajibiwa mahali pamoja, kwingine utaelekezwa namba yake tu.

## Misingi

1. Ukaazi wa ulezi ni kitu gani hasa?

Ni kipindi, kuanzia wiki chache hadi miaka miwili au zaidi, ambacho kijana aliyemaliza masomo au anayekaribia kuyamaliza anaishi mahali pamoja na wanamuziki waliobobea. Anapiga nao, anasahihishwa nao, anapanda nao jukwaani. Malazi huwa yameandaliwa. Mitihani kwa kawaida hakuna, na nyingi za programu hizi hazitoi shahada.

Mfano unaotajwa sana ni ukaazi wa Marlboro, katika jimbo la Vermont, Marekani, ulioanzishwa mwaka 1951 na kina Rudolf Serkin, mpiga piano, na Adolf Busch, mpiga fidla. Kwa wiki saba za kiangazi, vijana na wakongwe hukaa kwenye kwateti moja (kikundi cha wapigaji wanne) kama wenzi. Kazi nyingi hufanyiwa mazoezi bila kufika jukwaani kabisa: ikiiva inapigwa wikiendi, isipoiva basi, na hakuna anayeona aibu. Kwateti ya Guarneri ilizaliwa hapo mwaka 1964.

2. Si ndiyo ile ile warsha, au chuo?

Hapana. Kwenye warsha unampigia mwalimu mgeni dakika ishirini mbele ya watu, anakusahihisha, unaondoka. Chuo kinakujengea ufundi. Ukaazi unakukuta tayari na ufundi, kisha unakufundisha kazi yenyewe: kufika mazoezini ukiijua sehemu yako na za wenzako, kusoma pumzi ya fidla ya kwanza, kubadilisha mwelekeo wa upinde dakika ya mwisho bila kununa.

3. Ziko za aina ngapi, na ipi inanifaa?

Ziko za namna nne hivi. Kuna za okestra: unakaa ndani ya okestra kubwa, unapiga nayo baadhi ya maonesho, na wapigaji wa okestra hiyo ndio walimu wako. Akademia ya Karajan ya okestra ya Berliner Philharmoniker, iliyoanzishwa mwaka 1972, ndiyo iliyofungua njia hiyo. Wanaochaguliwa hukaa miaka miwili hivi na hupewa posho. Kuna za wapigaji wa peke yao, kama Kronberg karibu na Frankfurt (1993) na Chapelle Musicale Reine Elisabeth ya Waterloo, Ubelgiji (1939). Kuna za vikundi vidogo, kama Marlboro. Na kuna zinazochanganya jukwaa na ualimu: Ensemble Connect ya New York, iliyoanza mwaka 2007 chini ya Carnegie Hall, Juilliard na washirika wao, huwapeleka wapigaji wake kufundisha katika shule za umma za jiji hilo kwa miaka miwili.

Vijana wengi hukimbilia aina ya pili kwa sababu ya picha zilizo kwenye mabango. Ushauri wetu ni tofauti. Nafasi za wapigaji wa peke yao ni chache mno duniani, na wengi wanaozipata huwa wameshashinda mashindano makubwa. Kwa mpigaji atakayerudi Nairobi au Dar es Salaam kufundisha, kurekodi studio na kuongoza kikundi chake, aina ya kwanza na ya nne ndizo zenye mavuno. Ukubwa wa jina la ukumbi usikubabaishe. Uliza ni nani atakayekaa kiti cha pembeni yako kila asubuhi, na atakaa hapo siku ngapi. Programu isiyoweza kulijibu swali hilo kwa majina inauza mandhari.

4. Napiga udi au kanuni. Haya yananihusu?

Programu zilizotajwa hapo juu, hapana. Zimejengwa kwa ala za okestra ya Kizungu. Lakini jambo lenyewe si geni kwenye taarabu. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, naye akarudi na kuwafundisha wenziwe. Kama huo si ukaazi wa ulezi, sijui tuuite nini.

Leo njia ya kufanana na hiyo ni Bait al-Oud, taasisi iliyoanzishwa Cairo na mpiga udi wa Iraki Naseer Shamma, ambayo ilifungua tawi Abu Dhabi mwaka 2008. Hapa kwetu, Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha udi, kanuni na fidla ya taarabu tangu 2002, na mafundi wa vikundi vya taarabu vya Culture Musical Club na Ikhwani Safaa bado wako. Kukaa nyuma ya mpiga fidla mkongwe wa taarabu mwaka mzima, ukichukua mapambo yake kwa sikio, ni shule ambayo Ulaya haina.

5. Hapa nyumbani kuna nini kwa fidla ya okestra?

Ukaazi kamili ni nadra, lakini ngazi za kuufikia zipo. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, na programu ya Ghetto Classics ya mtaa wa Korogocho imelea wapigaji wengi. Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ambayo wapigaji wake wengi walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya kuomba popote, hakikisha umekaa stendi moja ya noti na mkubwa wako kwa msimu mzima. Barua yake (swali la 11) itatokana na hapo.

## Kuomba nafasi

6. Sina cheti cha Grade 8 cha ABRSM. Nitafikiriwa?

Ndiyo. Huku kwetu ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, imekuwa kipimo cha kila kitu, hata kazi za kufundisha, kwa hiyo swali linaeleweka. Majaji wa ukaazi wanasikiliza. Wapo wenye Grade 8 ya alama za juu wasiofika raundi ya pili, na wapo wasio na cheti chochote wanaofika. Weka cheti kwenye wasifu kama unacho; kama huna, usiombe radhi.

7. Nina miaka 29. Nimechelewa?

Kwa akademia nyingi za okestra, pengine ndiyo. Mpaka huwekwa katikati au mwisho wa miaka ya ishirini. Kwa vikundi vidogo na programu za ualimu mpaka huwa mpana zaidi. Angalia tarehe ambayo umri unahesabiwa: nyingine huhesabu siku ya kuomba, nyingine siku programu inapoanza.

8. Nipige kazi gani kwenye usaili?

Tangazo ndilo sheria. Hata hivyo, kazi zinazotakiwa hazibadiliki sana. Fidla: sehemu ya kwanza ya konserto ya Mozart ya 3, 4 au 5 pamoja na kadenza, na kitu cha Bach bila msindikizaji. Viola: konserto ya Stamitz au ya Hoffmeister, zote za D meja. Chelo: Haydn, ya C au ya D. Kontrabasi: Dittersdorf au Vanhal. Za okestra huongeza vipande vya sehemu ya okestra, na kwa fidla ukurasa wa kwanza wa *Don Juan* ya Richard Strauss haukosekani.

Mozart anaonekana mwepesi kwenye karatasi, na ndiyo sababu wanamtaka: hakuna pa kujificha. Kijana anayepiga Tchaikovsky kwa jasho na kelele, halafu Mozart wake amekauka, anajulikana ndani ya dakika moja. Ukiruhusiwa kazi ya hiari, leta ya huku kwetu kama unaipiga vizuri. Usiilete ili uonewe huruma.

9. Video ya simu inatosha?

Inatosha ukiitumia kwa akili. Majaji hawatafuti sinema. Wanataka kuona mikono yote miwili, upinde mzima kuanzia kitako hadi ncha, na uso wako. Na wanataka kila sehemu ipigwe mwanzo hadi mwisho bila kukatwa.

Tatizo kubwa la simu ni kwamba nyingi hupandisha zenyewe sauti ndogo na kuzibana kubwa. Pianisimo na fortisimo zako zinatoka sawasawa, na jaji anadhani huna rangi. Dawa ni programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo, au maikrofoni ndogo ya kuchomeka. Weka simu mita 2 hadi 3 kutoka ulipo, usawa wa kifua, ikilala kwa upana, juu ya kitu kisichotikisika. Usiiweke juu ya piano inayokusindikiza.

Chumba nacho ni nusu ya kazi. Sebule yenye zulia, makochi na mapazia mazito humeza sauti. Chumba cha vigae huirusharusha. Kanisa tupu au ukumbi wa shule Jumamosi asubuhi ni bora kuliko vyote. Panga saa kwa kuujua mtaa wako: adhana, kengele, jenereta la jirani, bodaboda wa kona. Zima feni hata kama jasho linatiririka, maana simu huisikia kuliko unavyoisikia wewe. Na usiongeze mwangwi wa kompyuta. Wanaosikiliza huutambua upesi, kisha wanaanza kujiuliza umeficha nini kingine.

Mpiga piano akikosekana, tafuta kwanza kama tangazo linaruhusu kupiga bila kusindikizwa. Kufuatana na piano iliyorekodiwa kunakufanya usikike kama mtu anayekimbiza basi.

10. Fidla yangu ni ya kiwandani, ya bei nafuu. Nisubiri nipate nyingine?

Usisubiri. Weka nyuzi mpya wiki moja au mbili kabla ya kurekodi ili zitulie, tia manyoya mapya kwenye upinde, na mpe fundi aangalie daraja. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua au azima upinde mzuri. Utakubadilisha kuliko fidla mpya. Baadhi ya programu huwaazima ala waliochaguliwa, kwa hiyo uliza baada ya kukubaliwa.

11. Barua za mapendekezo ziandikwe na nani?

Na aliyekusikia ukipiga mara nyingi. Barua ya mkurugenzi asiyejua unashikaje upinde haina uzito, hata ikiwa na muhuri.

## Fedha na safari

12. Ni bure?

Neno "ufadhili kamili" lina maana nyingi. Kwa wengine ni ada, malazi na chakula, lakini nauli juu yako. Wengine hulipa hata nauli na posho. Wapo pia wanaotoza ada ya kutosha kununua fidla nyingine. Kabla ya kukubali, pata jibu la maandishi kuhusu nauli, bima, gharama za viza, usafiri wa ndani na posho.

Kwa pengo linalobaki, Goethe-Institut, Alliance Française, British Council na balozi mbalimbali wakati mwingine husaidia safari za wasanii. Wafuate miezi mingi kabla. Michango ya ndugu, kanisa au kikundi iitishe ukiwa na barua ya kukubaliwa mkononi, si kabla. Watu huchanga mara moja.

13. Viza nianze lini?

Siku ile ile unayopokea barua. Nchi za Schengen hupokea maombi kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, lakini miadi ya kukabidhi fomu huweza kujaa wiki nyingi mbele. Viza ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Inataka bima ya safari ya angalau euro 30,000, na tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90. Ukaazi unaozidi hapo unahitaji viza ya kitaifa ya nchi husika, ambayo huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa Marekani na Uingereza, aina ya viza hutegemea kama utalipwa na kama mwenyeji anaweza kukudhamini. Waache wenyeji wakuandikie aina waliyozoea kuitumia. Kwenda kama mtalii ukapige kwa malipo ni kujifungia mlango wa miaka. Kwa Tanzania Bara, waone pia BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kuhusu kibali cha kutumbuiza nje kabla hujakata tiketi.

14. Chelo inasafirije? Na upinde unaweza kukamatwa?

Fidla na viola huingia nazo ndani. Chelo hununuliwa kiti chake, na kiti hicho kwa kawaida hakikatwi kwenye tovuti: piga simu kwa shirika la ndege, taja kwamba ni mzigo wa ndani ya kabini, na ubaki na uthibitisho uliochapishwa. Kontrabasi, omba ya kuazima huko huko. Beba upinde wako tu.

Ndiyo, upinde unaweza kukamatwa. Pinde za zamani huwa na kipande cha pembe ya ndovu kwenye ncha, au gamba la kasa kwenye kitako, na ukitokea nchi yenye tembo maafisa hawatacheka. Mti wa pernambuco wa Brazil, unaotumika kwa pinde bora, umo tangu 2007 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Upinde wenye pembe ya ndovu au gamba la kasa uuombee cheti cha CITES cha ala za muziki, au uuache; ule wa pernambuco tu, uliokamilika, kwa kawaida hautakiwi kibali ukisafiri nao kupiga, lakini ulizia kabla ya safari. Vigingi vya mpingo havina shida hiyo: tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zenye mbao za jamii ya mpingo zimeondolewa kwenye sharti la kibali.

15. Hali ya hewa itaharibu ala yangu?

Inaweza. Ukitoka Mombasa au Unguja mwezi Januari ukaingia chumba cha Ujerumani chenye kipasha joto, mbao hukauka na kusinyaa. Vigingi vinajizungusha vyenyewe usiku, nyuzi zinalegea, na mbao ya mbele inaweza kupasuka. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ndio salama. Nunua kipimo kidogo cha kuweka ndani ya kasha, pamoja na ule mrija wa mpira wenye sifongo unaoloweshwa, ukaufuta nje, kisha ukauning'iniza ndani ya tundu la sauti. Legeza upinde kila unapomaliza; manyoya hufupika kwenye ukavu na huweza kuuvuta mti hata ukiwa umelegezwa.

Ukirudi pwani kinyume chake hutokea: mbao huvimba na mishono huachia. Mshono ukiachia, usimpelekee seremala atakayetia gundi nyeupe ya makabati. Ala hizi hugandishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama makusudi, ili ziweze kufunguliwa siku ya matengenezo.

## Ukishafika

16. Mbona wote wanasikika juu kidogo kuliko mimi?

Kwa sababu okestra nyingi za Ulaya hutuni noti ya A kwa hertz 442 au 443, si 440. Jizoeze nyumbani kwa kubadilisha namba kwenye tuna ya simu.

17. Mlezi ni mtu mzima sana. Nimwiteje, na naruhusiwa kumpinga?

Wengi watakuambia uwaite kwa jina la kwanza tangu siku ya kwanza. Ulimi ukigoma, "Maestro" haitamkera mtu, lakini baada ya siku chache fuata wanavyofanya wenzako.

La kupinga ndilo zito. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Mtoto mwenye adabu husikiliza, akatii. Kwenye mazoezi ya kwateti adabu hiyo inasomeka vingine kabisa. Ukinyamaza wiki nzima wanadhani hujajiandaa, au huna unalolisikia kwenye muziki. Tumewaona vijana wenye masikio makali kuliko wote chumbani wakiandikiwa mwishoni kwamba "hawashiriki".

Hutakiwi kubishana. Yapo maneno yanayokubalika pande zote: "Naomba nijaribu mara moja kwa upinde wa kupanda." "Tupige mara mbili, moja kwa namna yako, moja kwa hii nyingine." Halafu piga, hoja iwe kwenye ala. Mkongwe aliyekubali kukaa fidla ya pili chini ya kijana wa miaka 23 amekuja kwa ajili ya hilo hasa.

Ukirudi, usimrukie mwalimu wako wa nyumbani na desturi hiyo ya kupinga bila kumwandaa.

18. Mkono unauma. Nivumilie?

Usivumilie. Wengi hutoka saa mbili au tatu za kupiga kwa siku wakaingia saa sita au saba ghafla. Ongeza saa taratibu mwezi mmoja kabla ya safari. Ganzi, moto kwenye kiwiko au maumivu yanayobaki asubuhi, mwambie mlezi siku hiyo hiyo. Wao wameyapitia na wanajua daktari wa wanamuziki yuko wapi.

## Hali zisizo za kawaida

19. Sisi ni kwateti. Tunaweza kuomba pamoja?

Ndiyo, na ziko programu za vikundi tu. Mtandao wa Le Dimore del Quartetto, ulioanzia Italia, hukaribisha kwateti changa kwenye nyumba za kihistoria zikafanye mazoezi, nazo hulipa kwa kupiga onesho ndani ya nyumba hiyo. Kabla ya kuomba, andikeni kati yenu: mmoja akinyimwa viza, wengine wanakwenda na mbadala au mnabaki wote?

20. Viza imekataliwa na nafasi ninayo. Nifanye nini?

Mwarifu mwenyeji siku hiyo hiyo na umtumie barua ya sababu. Sababu za kawaida ni taarifa za benki zisizoeleweka au mashaka kwamba hutarudi. Barua ya shule unakofundisha na mikataba ya maonesho yajayo husaidia kwenye rufaa au ombi jipya. Wakati huo huo omba nafasi isogezwe mwaka ujao. Wengi hukubali, kwa sharti uombe kabla programu haijaanza.

21. Wakala ameniahidi nafasi akitaka nitume pesa kwa simu.

Usitume. Ada ya maombi, ikiwapo, hulipwa kwenye tovuti ya programu yenyewe. Hakuna ukaazi wa kweli unaogawa nafasi bila kukusikia ukipiga.

22. Mkataba unasema rekodi zote ni mali yao. Nisaini?

Sharti hilo ni la kawaida kwa maonesho yao, na mara nyingi halina madhara. Soma vipengele viwili kwa makini: kama linagusa tungo zako mwenyewe, na kama linakuzuia kurekodi kazi hizo hizo kwingine, na kwa muda gani. Tungo zako zisajili kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara. Kisha omba kiongezwe kipengele kimoja: kwamba utapewa nakala za maonesho uliyopiga, kwa ajili ya maombi yako yajayo. Hicho mara nyingi hakina ubishi.